Kikasha Kilichombabua Mwali

Jumapili iliyopita, hapa Shangani, Mtwara, jirani yangu alichoma korosho uani kwake. Alitandaza bati lililotobolewa juu ya mafiga, akamwaga korosho na maganda yake, na mara moshi mweusi ukapanda juu ya ukuta na kuingia kwenye nguo zangu nilizokuwa naanika. Mnaoujua moshi ule hamhitaji maelezo. Kwanza unakaba koo na kuwasha macho, mtu anatukana. Halafu nyuma yake inakuja harufu tamu ya mbegu yenyewe, na mtu anasamehe. Mimi sikutukana wala sikusamehe. Nilisimama na shuka bichi mkononi, nikaanza kujikuna ncha za vidole, ingawa havikuwa na kitu.

Vidole vyangu vina kumbukumbu zao. Nilipokuwa na miaka tisa niliunda kikasha cha kuwekea kalamu za rangi, nikampa dada yangu Somoe mbele ya kijiji kizima, na kikasha hicho kikambabua viganja vyote viwili. Kwenye ukoo wetu kisa hiki husimuliwa harusini ili watu wacheke, na mimi ndiye mtoto mkaidi anayechekwa. Leo nataka kukisimulia mwenyewe, maana wao hukianza mwisho.

Kianze ukutani. Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya ujamaa. Tulihamishwa kutoka kwetu, kwenye nyumba zilizotawanyika katikati ya mikorosho, tukaletwa kando ya barabara, mwendo wa saa mbili kwa miguu, upande wa Mpapura. Nyumba zilipangwa mistari. Kulikuwa na ofisi, duka la ushirika, na bendera iliyotuangalia tukienda kisimani. Sisi watoto tulifurahia shule kuwa karibu, sitaki kusema uongo. Lakini Bibi aliacha nyuma mikorosho saba, na kila mkorosho ulikuwa na jina la mtoto au mjukuu aliyezaliwa mwaka ulipopandwa. Mmoja ulikuwa Somoe. Mmoja, mdogo na uliopinda, ulikuwa mimi, Hadija.

Dada Somoe alikuwa na miaka kumi na minne, na alikuwa akichora. Sisemi alijua kuchora, maana wanaojua ni wengi. Yeye hakuweza kuacha. Ukimtuma kuni, utamkuta anachora mchangani kwa kijiti, kuni ziko pale pale. Mwalimu wa elimu ya watu wazima, mama mmoja mchangamfu aliyetoka bara, alimwona akimchora mbuzi kwenye ubao wa darasa, akampa kalamu sita za rangi zilizokwishatumika nusu. Somoe alilala nazo chini ya kichwa.

Nyumba yetu mpya ilipokandikwa na kukauka, alichukua makaa, chokaa na udongo mwekundu, akachora kwenye ukuta unaotazama barabara. Alichora kwetu kwa zamani. Nyumba ya Bibi, kinu, njia ya kwenda mtoni, na mikorosho yote saba, hata ule wangu uliopinda. Bibi alikiweka kiti chake mbele ya ukuta akakaa hapo hadi jua likamhamisha. Watu walipita, wakasimama, kila mmoja akionyesha kwa kidole mahali ambapo nyumba yake ingekuwa kama ukuta ungeendelea.

Siku ya tatu akapita mwenyekiti wa kijiji na wageni kutoka wilayani. Mmoja wao, mtu wa suti ya mikono mifupi, aliutazama ukuta kwa muda mrefu kisha akauliza, kwa sauti ya upole kabisa, "Hapa anakaa nani ambaye bado analilia pori?"

Sasa mjue kwamba mjomba wetu, Mjomba Athumani, kaka yake Mama, alikuwa balozi wa nyumba kumi, na nyumba yetu ilikuwa mojawapo. Baba alikuwa kuli bandarini Mtwara, tukimwona mwisho wa mwezi. Na kwetu hata baba akiwepo, mtoto wa dada ni mali ya mjomba, neno lake ndilo la mwisho. Jioni hiyohiyo Mjomba alikuja na jembe. Aliukwangua ule ukuta mkorosho mmoja baada ya mwingine, vumbi jekundu likimwingia kwenye ndevu, na Bibi akiwa amekaa palepale kwenye kiti chake. Alipomaliza ndipo akasema.

"Likizo hii Somoe anaingia unyagoni. Akitoka ni mtu mzima. Sitaki kuona makaa, sitaki kuona kalamu za rangi. Nikiziona natia chooni. Tumeelewana?"

"Ndiyo, mjomba," akasema Somoe.

Mimi sikuulizwa, kwa hiyo sikujibu. Na kwa kuwa sikujibu, nilijihesabu kuwa sijaahidi kitu. Hadi leo najihesabu hivyo.

Somoe alipoingizwa ndani na wenzake, zilibaki wiki tatu. Yanayofundishwa huko si ya kuandikwa hapa, na wakati ule sikuyajua. Nilichojua ni kwamba kalamu sita, vipande vya chaki na makaa yake mazuri aliyoyachagua vilikuwa vimefungwa kwenye tambara, na tambara nimelificha mimi ndani ya mtungi wa Bibi usiotumika. Nilikaa nikilifikiria tambara hilo. Kila siku mtu angeweza kulitupa bila kulifungua, akidhani ni takataka. Nikaona kwamba vitu vya dada yangu vinahitaji mahali. Kitu chenye kifuniko na kifungo, mtu hawezi kukitupa hivihivi, lazima kwanza aulize ni cha nani. Na siku ya kutolewa mwali, watu wote huleta zawadi mbele za watu. Kitu alichotunzwa mwali siku hiyo ni chake, hata mjomba hana ruhusa ya kukichukua. Nilikuwa na miaka tisa lakini sheria hiyo niliijua vizuri.

Mbao nilizipata kwa muuzaji wa duka la ushirika. Alikuwa na kasha la sabuni lililovunjika, nikamchotea maji siku nne, akanipa pande zake tatu. Misumari niliing'oa mlemle na kuinyoosha kwa jiwe, pamoja na dole gumba langu. Bawaba nilizikata kwenye kandambili ya Baba iliyokatika, na mpira ule ulikunjuka vizuri kuliko bawaba za ofisi ya kijiji, zilizokuwa zikilia kila mtu akiingia. Kifungo kilikuwa kipande cha kifuu na kitanzi cha uzi. Ndani nilitenga vyumba kwa matete, chumba cha kalamu, chumba cha chaki, chumba cha makaa, na chini nikatandika kipande cha kanga ya Bibi iliyochakaa. Kilikuwa kimepinda upande mmoja. Kila kitu nilichokifanya utotoni kilipinda upande mmoja, sijui kwa sababu ya ule mkorosho.

Lakini kilikuwa kasha la sabuni tu, na lilinuka sabuni. Nilitaka liwe na uso. Na uso mzuri kuliko zote niliokuwa nikiujua ulikuwa wa Bibi, aliyechanjwa nembo tangu usichana wake, mistari ya kupanda na kushuka kwenye mashavu, na mingine kwenye paji, myeusi iliyotulia ndani ya ngozi. Wanawake wa rika lake wote walikuwa nazo. Mama hakuwa nazo, na mimi nilikwishajua kwamba sitakuwa nazo.

"Bibi, kaa hivyo hivyo, nakunakili," nikamwambia.

"Unaninakili nini, mke mwenzangu? Mume wetu akija atanikuta mimi nimebaki mtupu, uzuri wote umeuchukua wewe." Lakini akakaa, akageuza shavu kwenye mwanga. Nikawa natazama shavu, nachora ubaoni kwa msumari uliochomwa motoni, moshi mdogo ukitoka.

"Ulilia walipokuchanja?"

"Sikulia."

"Hata kidogo?"

"Ningelia uso ungetikisika, na mstari ungepinda. Ningekaa na mstari uliopinda mpaka leo." Akanitazama mikono. "Hicho ni cha nani?"

"Cha dada."

Bibi akageuza shavu la pili.

Mistari ya msumari ilitoka hafifu. Ilitaka weusi. Na weusi wa kudumu kwetu ni mmoja tu, mafuta ya maganda ya korosho. Mlango wa Bibi kule kwa zamani ulipakwa mafuta hayo, ukawa mweusi wa kung'aa, na mchwa hawakuugusa. Kila mtoto wa kwetu anajua pia kwamba mafuta hayo yanachoma. Ukimenya korosho mbichi kwa meno, midomo inavimba hata mama yako asikutambue. Kwa hiyo nilifanya wanavyofanya wanawake wanaobangua, nikasugua mikono yote kwa majivu mpaka viwiko. Nikaponda maganda kwenye jiwe, nikakusanya mafuta kwenye kifuu, nikayasukuma ndani ya mistari kwa unyoya wa kuku, kisha nikapaka kasha zima. Ncha mbili za vidole zilibabuka mahali majivu yalipofutika. Nilizificha, nikawa nakula kwa vidole vitatu.

Kitu kilichopakwa mafuta yale hukaa juani wiki moja, kisha husuguliwa mchanga, kisha hukaa tena. Nilizihesabu siku, zilitosha kabisa. Ndipo mwenyekiti akatangaza kwamba mvua imekaribia, Jumatatu wote wanakwenda kupanda shamba la kijiji, na ngoma zote ziishe Jumamosi. Wanawali watatolewa wiki moja kabla ya siku yao. Nikabaki na siku tano, na katika hizo tano, tatu zilikuwa za mawingu. Ijumaa nilikigusa. Kilikuwa kikavu. Nilikigusa kwa mikono yenye majivu, ndugu zangu. Majivu niliyakumbuka kwa mikono yangu. Mikono ya dada yangu sikuikumbuka.

Jumamosi jua lilitoka kwa hasira ya siku zote tatu lilizokosa. Wanawali sita walikalishwa kwenye mkeka mbele ya ofisi, wameogeshwa, wamepakwa mafuta, kanga mpya zinanuka duka. Mwali siku hiyo hainui macho, hacheki, hasemi. Hapokei kitu kwa mkono wake. Zawadi hupokewa na kungwi aliyemfundisha, anayekaa nyuma yake, naye huziweka kando. Zilikuja kanga, sahani za bati, sufuria, kuku wawili waliofungwa miguu waliolalamika wakati wote wa dua. Mjomba Athumani alisimama pembeni na viongozi, kofia mpya kichwani.

Mimi nilikifunika kikasha na kanga, nikapita katikati ya watu wazima, nikapiga magoti mbele ya Somoe, nikakifunua. Nilikuwa nimeweka vitu vyote ndani mapema. Nilipokiweka chini kililia, kalamu zikigongana, na kila aliyesikia alijua ni nini. Mstari wa Bibi ulipanda na kushuka juu ya kifuniko, mweusi kabisa kwenye lile jua.

Wanawake walianza kigelegele, kikakatika katikati, kwa sababu Mjomba alikuwa amesogea.

"Kungwi," akasema, bila kupandisha sauti, "hicho nipe mimi."

Kungwi alinyoosha mkono. Alikuwa mama mzuri, hakuwa na ubaya na mtu, lakini mwenye neno ni mjomba. Mkono wake ulikuwa umebakiza shubiri moja pale Somoe, mwali, asiyepaswa hata kukohoa, alipotoa mikono yake miwili kutoka ndani ya kanga akakichukua. Akakiweka mapajani. Akakifunika viganja, kimoja juu ya kifuniko na kimoja ubavuni, akainamisha macho tena kama anavyotakiwa.

Kuku wakaendelea kulalamika. Mjomba alipiga hatua moja, akasimama. Mwanamume hamgusi mwali mkekani, na siku ile hagombezwi. Ilimbidi angoje. Kila mtu aliyekuwa pale aliona kwamba anangoja. Aliona pia kwamba Somoe akikiweka chini tu, hata kwa kunywa uji, kitachukuliwa.

Hakukiweka. Uji ulikuja, kungwi akamnywesha. Ngoma zikapigwa, wenzake wakainuliwa kucheza, yeye akacheza akiwa amekaa, kwa mabega tu, na watu wakashangilia mabega yale kuliko miguu ya wengine. Kuanzia adhuhuri mpaka adhana ya alasiri alikishika. Mimi nilikaa chini, kwenye ukingo wa mkeka, nikijisifu moyoni. Nilidhani ameshikilia kwa sababu nimekitengeneza vizuri.

Asubuhi yake viganja vilikuwa vimejaa malengelenge. Jua na joto la mikono viliyaita mafuta nje ya ubao, yakamwingia ngozini saa zote zile. Mama alimpaka mafuta ya nazi na kumfunga vitambaa, akilia. Mimi nilijificha nyuma ya choo na sikutaka kutoka. Mjomba alikuja akamtazama, akatikisa kichwa, na mtamsamehe kwa kuwa na furaha kidogo.

"Mnaona? Ukaidi wenyewe umewachoma. Kileteni nikichome na mimi."

Tukatafuta kikasha. Mama akatafuta, Mjomba akatafuta, mimi nikatolewa nyuma ya choo ili nitafute. Somoe alikuwa amekaa kwenye kigoda, mikono imefungwa vitambaa kama mtoto aliyefungwa nepi vibaya, na kigoda kilikuwa juu kuliko kawaida yake. Alikikalia. Amekizungushia gunia, ametandika kanga mbili, amekaa juu.

"Inuka," akasema Mjomba.

"Nimetunzwa mbele za watu, mjomba," akasema Somoe. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu atoke.

Mjomba akamgeukia Mama. Na Mama, ambaye sikupata kumsikia akimpinga kaka yake hata kuhusu chumvi ya mchuzi, akafuta macho kwa upindo wa kanga na kusema, "Kaka, mtoto keshababuka. Unataka nini tena kwake?"

Alikwenda zake. Hakurudia habari ya kalamu, wala hakuomba radhi kwa ukuta. Sasa nimekuwa mtu mzima najua alikuwa anaogopa, na najua kulikuwa na cha kuogopa. Namwelewa. Kumwelewa ndipo nilipofikia, na sina mpango wa kuendelea mbele zaidi. Kikasha tulikianika juu ya bati mwezi mzima. Ngozi mpya ilipoota, Somoe alikifungua, akachukua kalamu, na hakuacha kuchora tena, kwanza vitabu vya wanafunzi watu wazima, halafu kuta za zahanati, na kuta za shule tatu ninazozijua.

Miaka yote hiyo niliamini nilimdanganya. Niliamini alikishika hajui, kwa kumwamini mdogo wake, na nilipocheka harusini nilicheka na jiwe kifuani. Jumapili iliyopita moshi ulipotulia, jirani aliniita nionje. Nikatia mkono kwenye bati, nikashika korosho moja iliyokuwa bado na ganda, na kabla sijajua ninafanya nini mkono ulikuwa umeiachia. Sikuamua. Mikono iliyokulia kwetu inaachia yenyewe, inapoinusa tu.

Sikumaliza kuanika. Nilivaa viatu nikaenda kwa Somoe, nyumba ya tatu kutoka msikitini. Nilimkuta barazani anachora, miwani kwenye ncha ya pua, kikasha kando yake, cheusi, kimepinda upande mmoja.

"Dada, shikamoo. Siku ile ulijua?"

Hakuuliza siku ipi. "Marahaba. Nilijua hujafika hata mkekani. Kilikuwa kinanuka kama bati la korosho."

"Sasa mbona hukukiachia?"

"Ningekiachia, angekiokota nani, wewe?" Akaendelea kuchora. "Ulikuwa na miaka tisa. Tena ulikuwa umekaa hapo chini unajichekea mwenyewe."

Nilimshika mkono wa kushoto, nikaugeuza. Kovu la kiganjani nimelitazama maisha yangu yote, na kila mara nimegeuza uso. Safari hii nililisogeza kwenye mwanga. Mafuta yalikuwa mengi zaidi ndani ya mistari, kwa hiyo mistari ndiyo iliyochoma zaidi, na ilibaki pale katikati ya kiganja, myeusi kidogo kuliko ngozi, ikipanda na kushuka, ile ile ya shavu la Bibi. Niliifuata kwa kidole mpaka mwisho. Haikupinda mahali popote.